Harusi bila bwana harusi: wanawake waliolibeba kasri la Korea

Kama unafuatilia tamthilia za Kikorea, zile za wafalme, za makanzu mapana na kofia nyeusi, hawa wanawake umeshawaona mpaka umewazoea. Mfalme anatoka, nyuma yake msururu wa wanawake, vichwa chini, viganja vimefichwa ndani ya mikono ya nguo, akisimama nao wanasimama, akigeuka nao wanapisha haraka haraka apite. Malkia akifokewa wao wanapiga magoti. Malkia akiletewa sumu wao ndo wanalia kwa sauti. DJ anayetafsiri kwa Kiswahili anawaita wajakazi, mwingine anawaita masuria, mwingine anasema tu wasichana wa kazi wa malkia, na kwa vile hawaongei sana hakuna anayeuliza ni akina nani, walitolewa wapi, walilala wapi, na walipozeeka walienda wapi.

Hilo swali la mwisho lilinikaa sana kichwani, nikaanza kusoma kidogo kidogo, na kadiri ninavyosoma naona tamthilia zinatuonyesha upande mmoja tu, upande wa mapenzi, wakati kitu kikubwa kwenye maisha ya hawa wanawake kilikuwa kazi. Kazi ya serikali kabisa, yenye vyeo, idara, zamu na posho. Na ile habari ya kwamba wote ni "wanawake wa mfalme" mi naiona ilikuwa kufuli tu la kuwafungia kwenye hiyo kazi maisha yao yote. Ngoja nieleze kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na jina maana tafsiri ndo inatupoteza. Kwa Kikorea wanaitwa gungnyeo, yaani wanawake wa kasri, basi. Sisi Waswahili tuna maneno yetu ya mambo ya makasri kwa sababu pwani nayo ilikuwa na makasri yake, na neno suria kwetu lina maana kamili: mama yake Sayyida Salme, yule binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Beit el Mtoni Unguja mwaka 1844, alikuwa suria, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria na bwana wake anazaliwa huru na anarithi kama ndugu zake wa ndoa. Usuria unasimama juu ya kitanda na mtoto. Gungnyeo walio wengi hawakuwahi hata kuguswa na mfalme, waliingia watoto wakatoka vikongwe, kwa hiyo suria sio neno lake. Na mjakazi nalo halitoshi kwa sababu mjakazi hana cheo, hawa walikuwa na vyeo vilivyoandikwa kwenye sheria ya nchi.

Sheria yenyewe ni ile kubwa ya Joseon, ule ufalme wa zamani wa Korea tunaouona kwenye tamthilia, iliyokamilishwa mwaka 1485, Gyeongguk Daejeon. Humo kuna orodha ya wanawake wa ndani ya kasri, inaitwa naemyeongbu, na ukiiangalia vizuri utaona imegawanyika sehemu mbili. Daraja la 1 mpaka la 4 ni wake wadogo wa mfalme. Kuanzia daraja la 5 mpaka la 9 ni wafanyakazi, na kilele chao ni sanggung, daraja la 5. Kwenye utumishi wa wanaume kuna mtawala wa wilaya ndogo, hyeongam, yeye alikuwa daraja la 6. Yani kwa karatasi mwanamke anayesimamia jiko la malkia alikuwa juu ya bwana mkubwa anayeamua kesi za watu na kukusanya kodi huko mkoani! Kwa karatasi lakini, maana yule bwana mkubwa jioni anarudi kwa mkewe na watoto, tutafika huko.

Chini ya sanggung kuna nain, hawa ndo wafanyakazi kamili, na chini ya nain kuna wale mabinti wanaofundishwa. Halafu nje kabisa ya hiyo ngazi kuna musuri, wanawake wa kuteka maji, kuwasha moto na kazi nyingine nzito, ambao wengi wao walikuwa wameolewa, wanakuja asubuhi na wanarudi makwao. Hili la musuri lishike, nitalirudia.

Kwa idadi, msomi wa karne ya 18 Yi Ik aliandika kwamba enzi zake kasri lilikuwa na gungnyeo 684 na matowashi 335. Watu mia sita na themanini na nne kwa ajili ya familia moja unaweza kusema ni anasa, lakini kasri lilikuwa zaidi ya nyumba, ni karakana na ofisi kwa pamoja, na mfalme, malkia, mama wa mfalme na mrithi wa kiti kila mmoja alikuwa na watumishi wake kamili. Idara zenyewe zilikuwa saba. Jimil ni wale wa chumba cha ndani kabisa, wanaomvalisha mfalme, wanaolala mlangoni kwake, wanaosikia kila kitu. Chimbang wanashona. Subang wanatarizi, yale madragoni ya dhahabu kifuani kwa mfalme yametoka kwenye sindano zao. Sojubang ni jiko. Saenggwabang ni vinywaji na vitamu. Sesugan wanaandaa maji ya kunawa na kuoga na ndo wenye habari za choo. Sedapbang wanafua, wanafumua nguo, wanazipiga kwa magongo ya mbao mpaka zilainike, wanazishona upya. Jimil walibadilishana usiku na mchana, wengine kwa kawaida siku moja kazini siku moja mapumziko. Walipewa mchele, maharage ya soya, samaki wakavu, vitambaa. Juu ya wote hao kuna jejo sanggung, mkuu wao, mwanamke anayeweza kuongea na mfalme uso kwa uso na ambaye mawaziri walijua ni vizuri kuwa na uhusiano naye mzuri.

Na kazi zenyewe, nikikwambia baadhi utaona walikuwa wanashikilia nini mikononi mwao. Mfalme alikula milo mikubwa miwili, wa saa nne asubuhi na wa saa kumi na moja jioni, meza ya vyakula 12 mbali na wali, supu na kimchi, na kabla hajanyanyua kijiko kuna sanggung mtu mzima anaonja kwanza. Kwa jina la kistaarabu ni kuonja ladha, kwa jina la ukweli ni kuangalia kama kuna sumu, kama ipo afe yeye. Mfalme akienda haja hakuenda chooni, analetewa kiti chenye chombo chini yake, maehwateul, na kile kilichotoka kinaitwa maehwa, jina la ua la mti wa plamu, kinafunikwa kinapelekwa kwa waganga wakiangalie wajue afya yake. Kwa hiyo kuna mwanamke anayejua mfalme kalalaje, kala nini, kaacha nini, analia saa ngapi usiku, anamwita nani. Afya ya mfalme ni siri ya nchi, na hiyo siri ilikuwa kwa wanawake wa daraja la 5 kushuka chini.

Sasa mtu anayejua yote hayo unamfanyaje asitoke akasema? Unamchukua akiwa mtoto.

Wa jimil waliingizwa wakiwa na miaka minne, mitano, mpaka minane hivi. Wa kushona na kutarizi wakubwa kidogo, wa jikoni na kufua karibu miaka 12 au 13. Mtoto wa miaka minne! Anakabidhiwa kwa sanggung anayemlea, analala naye chumba kimoja, anafundishwa kusoma na kuandika, kutembea bila kusikika, na lugha ya kasri maana mle ndani maneno yalikuwa tofauti, wali wa mfalme hauitwi wali unaitwa sura, uso wake ni uso wa dragoni. Nyumbani anaweza kusahau kabisa, na kwa mtu wa umri huo ndivyo ilivyokuwa, mama yake ni huyo huyo sanggung. Inasimuliwa pia kuwa usiku wa mwisho wa mwaka hawa watoto walipangwa uani, wamefungwa midomo kwa kitambaa, matowashi wanawapitishia mienge ya moto karibu na mdomo huku wakiwatisha kwamba watauchoma, ili wajue mapema mdomo wao una thamani gani. Nikisoma hapo huwa naacha kusoma kwa muda.

Baada ya kama miaka 15 ya kukaa humo inafika siku ya gwallye. Hii ndo iliyonipa kichwa cha habari. Binti anavishwa vazi la sherehe la rangi, nywele zinakusanywa zinafungwa kisogoni kama za mke wa mtu, ndugu zake wanaleta chakula kutoka nyumbani, watu wanampongeza, kila kitu cha harusi kipo isipokuwa bwana harusi. Bwana ni mfalme, ila hayupo na hana habari, siku hiyo hiyo anaweza kuwa anasoma barua za mawaziri wake na wala asijue jina la huyo binti. Kuanzia siku hiyo yeye ni nain na ameshaolewa. Akitumikia miaka mingine kama 15 anaweza kuwa sanggung. Kwa hesabu hiyo aliyeingia na miaka minne au mitano anakuwa sanggung kwenye miaka 35 hivi, na hajawahi kuishi popote pengine.

Na ndoa hiyo isiyo na mume ilikuwa na sheria kali kuliko ndoa ya kweli. Kwa sheria ya mwaka 1746, Sok Daejeon, gungnyeo akipatikana na mwanaume wa nje wote wawili wanakatwa vichwa, na papo hapo, hawasubirishwi msimu wa kunyonga wahalifu kama ilivyokuwa kwa makosa mengine. Akitolewa kasri bado hawezi kuolewa, na ofisa atakayemchukua awe mke au kimada anapigwa viboko 100.

Hapo ndo mi naona uongo wa hiyo ndoa unajionyesha. Mfalme alipohitaji mke wa kweli, nchi nzima ilipigwa marufuku ya ndoa, mabinti wa familia za kiungwana ndo wanaandikishwa majina, wanachujwa mara tatu mpaka anabaki mmoja. Na hawa wengine wanaoitwa nao ni wake wa mfalme walitafutwa wapi? Sheria ile ile ya 1746 inasema wachukuliwe kwenye watumwa wa ofisi za serikali tu, na atakayepeleka binti wa raia huru, au binti huru atakayejipeleka mwenyewe, ni viboko 60 na mwaka mmoja wa kazi ngumu. Hiyo marufuku iliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanaogopa, kila ukisikika uvumi kasri linatafuta wasichana wazazi walikuwa wanaharakisha kuwaozesha mabinti wakiwa bado wadogo mno. Sasa jiulize, harusi gani hiyo ambayo serikali yenyewe inaona sio haki kumpelekea mtoto wa mtu huru? Walijua kabisa ni mkataba wa kazi. Wakauita ndoa kwa sababu ndoa mwanamke haiachi, kazi mtu anaweza kuacha.

Utaniambia ni kulinda damu ya ukoo, asije akazaliwa mtoto wa nje akaitwa mwana wa mfalme. Sawa, kwa aliye ndani. Aliyetolewa nje ana miaka 50, hazai tena, damu gani analindiwa? Na yule musuri niliyesema umshike, anayeingia na ndoo za maji kila asubuhi na ana mume wake huko mtaani, mbona yeye hakufungwa? Kwa sababu musuri haingii chumba cha ndani, hajui kitu. Kufuli liliwekwa kwenye masikio na macho ya watu na kwenye ule ujuzi wa mikono uliochukua miaka 15 kuujenga, damu ya ukoo ni sababu ya kusemwa mbele ya watu.

Na serikali ilijua inaumiza. Hili nalipenda kulitaja kwa sababu ni wao wenyewe wanakiri: mvua zikigoma, mashamba yakikauka, mojawapo ya mambo mfalme aliyofanya ni kuwatoa baadhi ya gungnyeo waende zao. Waliamini kuwa uchungu wa wanawake waliofungiwa ndani bila waume unapanda mbinguni unavuruga uwiano wa dunia, mvua inazuiwa. Yani kwenye kumbukumbu rasmi za Joseon unakuta wafalme tofauti, karne tofauti, wanatoa wanawake kama dawa ya ukame. Walichokifungua ni geti tu, ndoa hawakuifungua, mwanamke anatoka na marufuku yake mgongoni.

Tamthilia haziendi huko. Zinamtafuta yule mmoja aliyepanda. Jang Ok-jeong alikuwa nain, ukoo wa wakalimani, mfalme Sukjong akampenda, mwaka 1690 akawa malkia kamili, 1694 akashushwa, 1701 akanyweshwa sumu, na Sukjong baada ya hapo akapiga marufuku mke mdogo kupandishwa kuwa malkia. Mwanawe alikuja kuwa mfalme Gyeongjong. Na mfalme aliyefuata, Yeongjo, aliyetawala miaka 52, mama yake ni Choe Suk-bin ambaye inasimuliwa alianza kama musuri wa kubeba maji. Hadithi nzuri, sikatai, ila ni kama kuielezea kazi ya ualimu kwa kutumia mwalimu mmoja aliyekuwa rais.

Mwenye kunifikirisha mimi ni Seong Deok-im. Mwaka 1766 yule atakayekuja kuwa mfalme Jeongjo, wakati huo bado mrithi, alimtaka. Akalia, akakataa, akasema mke wa mrithi bado hajapata mtoto, yeye hathubutu. Miaka kama 15 baadaye, sasa Jeongjo ni mfalme, akamtaka tena. Akakataa tena. Mfalme akamwadhibu mtumishi wa Deok-im ndipo Deok-im akakubali. Akazaa mtoto wa kiume mwaka 1782, mwaka 1786 mtoto akafa kwa surua, na mwaka huo huo na yeye akafa akiwa mjamzito. Haya yote tunayajua kwa sababu Jeongjo mwenyewe aliyaandika baada ya kifo chake, kwa mkono wake, kwa huzuni kubwa, na wengi wakiyasoma wanaona mapenzi. Mi naona kitu kingine pia. Mwanamke ambaye kwa sheria alishaolewa na huyo mtu tangu siku alipofungwa nywele, anasema hapana mara mbili, kwa miaka 15. Alikuwa na kazi yake, chumba chake, cheo chake kinapanda taratibu, na alikuwa ameona kwa macho yake wake wadogo wanavyoishi na wanavyokufa. Kwa nini alikataa tunaambiwa na mfalme, sauti yake yeye hatuna. Tulichonacho ni mwandiko wake, maana mwaka 1773 alinakili hadithi ndefu ya juzuu 10 pamoja na wanawake wenzake wa kasri na mabinti wawili wa kifalme, dada zake Jeongjo, na jina lake limeachwa humo.

Wengine walitafuta faraja kwa wenzao. Nain baada ya gwallye walipangiwa chumba wawili wawili, miaka na miaka, na palikuwa na neno kabisa la wanawake wanaopendana mle ndani, daesik. Kesi iliyoandikwa kwa kirefu ni ya mke wa mrithi enzi za mfalme Sejong, ukoo wake Bong, aliyefukuzwa mwaka 1436 baada ya kugundulika analala na mhudumu wake aitwaye So-ssang. Sejong kwenye maelezo yake anasema alikuwa ameshaamuru wahudumu wakikutwa hivyo wapigwe viboko 70, halikukoma, akapandisha mpaka 100. Huyu ni Sejong yule yule anayesifiwa kwa huruma na kwa kuwapa Wakorea alfabeti yao. Soma tu hiyo hesabu, kutoka 70 kwenda 100, ina maana 70 hazikutosha kuwafanya watu waache kutafuta mtu wa kulala ubavuni mwao.

Hiyo alfabeti, hangul, iliyotangazwa 1446, wasomi wanaume waliidharau kwa karne nyingi, wao waliandika Kichina. Walioishika ni wanawake, na wa kasri ndo walioipa sura. Malkia akitaka kuandika barua kuna sanggung maalumu wa kuandika, wanafundishwa mwandiko tangu utotoni, herufi zimenyooka, zimesimama wima kama zimepangwa kwenye uzi, na mwandiko huo unaitwa gungche, mwandiko wa kasri. Kompyuta za Korea mpaka leo zina fonti yake na ndo msingi wa wanaojifunza kuandika hangul kwa brashi. Na hawakuandika barua za wakubwa tu. Kuna kumbukumbu ya mwaka 1613 na miaka iliyofuata, pale mfalme Gwanghaegun alipomuua mdogo wake mtoto na kumfungia mama wa kambo, malkia Inmok, na wahudumu wake wakateswa na kuuawa. Wasomi wengi wanaamini imeandikwa na gungnyeo wa malkia huyo. Jina halipo. Upande wa pili wa ugomvi huo huo kulikuwa na sanggung Kim Gae-si, mshauri wa karibu wa Gwanghaegun ambaye mawaziri walimwogopa, na Gwanghaegun alipopinduliwa mwaka 1623 yeye akauawa. Kwa hiyo usije ukadhani hawa walikuwa malaika au mawindo tu, walikuwa watu wa siasa pia.

Kuna kitu cha kurekebisha kuhusu ile tamthilia ya mwaka 2003 ya Jang-geum iliyofanya dunia ipende jiko la kasri. Jang-geum alikuwepo kweli, kumbukumbu za mfalme Jungjong zinamtaja, lakini kama mganga, hakuna sehemu inayosema alipika. Waganga wanawake walianzishwa mwaka 1406 kwa sababu wanawake walikuwa wanakufa kwa aibu ya kushikwa na mganga mwanaume, na wao nao walitolewa kwenye watumwa wa serikali. Mwaka 1544 Jungjong akiwa mgonjwa wa kufa alisema hali yake anaijua mganga mwanamke, mawaziri wakachukia. Na jikoni pia, karamu kubwa zilipikwa na wanaume, kuna wapishi wanaume wengi tu kwenye sheria ya 1485. Sanggung wa jiko alisimamia meza ya kila siku ya mfalme, ile ya karibu, ile ya hatari.

Karne ya 19 inaisha vibaya. Alfajiri ya tarehe 8 Oktoba 1895 wauaji wa Kijapani waliingia kasri la Gyeongbokgung kumtafuta malkia Min, mke wa mfalme Gojong, na kwa vile hawakuijua sura yake waliua na gungnyeo waliokuwa naye. Malkia ana kaburi na jina kubwa, hawa wengine wanatajwa kwa idadi. Baada ya hapo mfalme Gojong aliogopa hata kula, na aliyemtoa ni sanggung Eom. Inasimuliwa alianza kupitisha machela za wanawake kwenye geti kila siku, kwenda na kurudi, mpaka walinzi wakachoka kukagua. Tarehe 11 Februari 1896 ndani ya machela za wanawake walikuwemo mfalme na mrithi wake, wakapelekwa ubalozi wa Urusi. Hapo ndipo unaona maana ya kusema hawa wanawake walilibeba kasri. Mwaka 1906 huyo huyo Eom, sasa mke wa mfalme, alianzisha shule mbili za wasichana Seoul, Jinmyeong na Myeongsin, na ya pili ndo baadaye ikaitwa Sookmyung, leo ni chuo kikuu. Mtu aliyefungiwa tangu utotoni, akipata pesa anafungua shule za mabinti. Mimi hilo linanigusa kuliko mapenzi yote ya kwenye skrini.

Sasa lile swali langu la mwanzo, walipozeeka walienda wapi. Kanuni ya kasri ilikuwa ni familia ya kifalme tu inayoruhusiwa kufia ndani. Mfanyakazi akiugua sana au akizeeka anatolewa nje. Miaka 50 umelala mlangoni kwa mfalme, siku unayokata roho unatakiwa uwe nje ya geti. Wengine walienda kwa wapwa zao ambao wao ndo walikuwa wakiwatumia pesa enzi za kazi, wengine walichangia pesa za kujiwekea nyumba pamoja, wengine kwenye mahekalu ya Kibudha ambayo waliyachangia sana enzi za kazi, na ukutani kwenye baadhi ya hayo mahekalu majina ya masanggung wafadhili bado yapo.

Lakini kuna mmoja hakutoka. Han Hui-sun aliingia kasri mwaka 1901 akiwa na miaka 13, akapelekwa jikoni. Mwaka 1910 nchi ikachukuliwa na Japan. Mwaka 1919 Gojong akafa, mwaka 1926 Sunjong akafa, mfalme wa mwisho, yule "bwana" wa mwisho, na kwa mantiki ya kufuli mlango ulikuwa wazi. Yeye akaendelea kumpikia malkia mjane Yun, vita vikaja vikaenda, nchi ikagawanyika, mpaka malkia huyo akafa mwaka 1966 kwenye nyumba ya Nakseonjae ndani ya kasri la Changdeokgung. Miaka 65 kazini. Tangu miaka ya 1940 alikuwa anafuatwa na mwalimu mmoja wa mapishi, Hwang Hye-seong, anayekaa pembeni yake jikoni na kuandika, maana kila alichokijua Han kilikuwa kichwani na mikononi mwake. Mwaka 1957 wakatoa kitabu pamoja. Mwaka 1971 serikali ya Korea Kusini ikayatangaza mapishi ya kasri kuwa urithi wa taifa namba 38, mwaka mmoja kabla hajafa. Kwenye safu ya mwenye ujuzi hawakuandika jiko la mfalme wala kasri wala malkia, wameandika Han Hui-sun.